Waya Huu ni wa Nani? Kwa Mnaoanza Kazi ya Simu za Maofisini Ireland

Mdogo wangu, ukianza kazi katika kampuni ya simu za maofisini hapa Dublin, wiki ya kwanza utapewa orodha ya vifurushi na bei uikariri. Ikariri, ndiyo mkate wako. Ila kuna swali halimo kwenye orodha hiyo, nami nililijua kwa kuumia: huu waya ni wa nani, na mwisho wake uko wapi?

Nilikuwa na miezi minne kazini. Ofisi ya mawakili, ghorofa tatu, ilikuwa inaacha laini za shaba na kuhamia simu za intaneti. Nikahesabu simu za mezani, nikahamisha namba, nikaomba laini za zamani zikatwe. Jumatatu asubuhi simu zote zikaita safi. Jioni lifti ikakwama na mama mmoja ndani. Akabonyeza kitufe cha dharura: kimya. Simu ya lifti ilikuwa kwenye laini mojawapo niliyoikata. Alitoka salama, lakini namna alivyokuwa akigonga ule mlango naisikia mpaka leo. Tangu hapo sikati laini kabla sijaifuata waya kwa waya: kengele ya wezi, mashine ya kadi, lifti, geti la maegesho.

Ndiyo maana nawasisitiza msome habari za Esat Telecom, kampuni binafsi ya simu iliyozaliwa hapa Ireland. Watu huisimulia kama hadithi ya utajiri wa mwanzilishi wake, mfanyabiashara Denis O'Brien. Mimi naiona ni hadithi ya waya.

Mpaka 1983 simu Ireland zilikuwa chini ya Idara ya Posta na Telegrafu, na kuna waliosubiri laini kwa miaka. Januari 1984 kazi hiyo ikachukuliwa na shirika la serikali, Telecom Éireann. O'Brien alipoanzisha Esat mwaka 1991, simu za sauti kwa umma bado zilikuwa mali ya shirika hilo peke yake. Ulaya ilikuwa imefungua huduma nyingine tu, na mwanya ulikuwa mwembamba kama tundu la sindano. Esat ikapita humo ikiwafuata wenye ofisi, kwa sababu wao ndio waliokuwa wakiumizwa na bili za simu za nje ya nchi.

Fundi alifunga kisanduku kidogo kando ya switibodi ya mteja, yaani mashine inayounganisha simu za ofisi. Karani akapiga simu ya London kama kawaida yake, na kile kisanduku kikaipeleka kwenye laini ambazo Esat ilizikodi. Mteja hakujifunza lolote jipya. Aliona bili imeshuka, basi. Hapo pana somo kubwa la mauzo: usimbadilishie mtu mazoea yake ili umuuzie unafuu.

Laini hizo zilikodiwa kwa nani? Kwa Telecom Éireann huyo huyo! Mshindani wako ndiye anayekuuzia maji, na bomba analishika yeye. Wakagombana sana kuhusu vile visanduku na mipaka ya leseni. Kinachonivutia ni kwamba Esat haikuishia kulalamika. Mwaka 1997 ilikubaliana na CIÉ, shirika la usafiri la serikali, ipitishe faiba, nyaya za kioo zinazobeba mawasiliano kwa mwanga, kando ya reli. Njia ya treni tayari imeunganisha miji, hakuna haja ya kuomba ruhusa shamba kwa shamba. Mwaka huo huo Esat Digifone ikawasha mtandao wa simu za mkononi, na hisa za Esat zikaingia Nasdaq, soko la hisa la Marekani. Soko la simu likafunguliwa kabisa Desemba 1998, na Esat tayari ilikuwa na njia yake. Mwaka 2000 BT, kampuni ya simu ya Uingereza, ikainunua kwa zaidi ya dola bilioni 2.

Na la leseni ya simu za mkononi ya Digifone lisemwe, maana mtaliulizwa. Tume ya uchunguzi ya Moriarty ilihitimisha mwaka 2011 kwamba Michael Lowry, aliyekuwa Waziri wa Mawasiliano, aliisaidia kampuni hiyo kuipata. Lowry na O'Brien wote wameyakataa matokeo hayo. Mimi nasikitika kwamba kazi nzuri ya mafundi imebaki na kivuli hicho. Kwa hiyo zabuni mnazojaza, hata ya shule ndogo, wekeni kila karatasi mahali pa wazi.

Mambo yamebadilika kidogo tu. Telecom Éireann sasa ni eir, na kampuni nyingi ndogo bado zinakodi kwake kipande cha mwisho kinachoingia kwa mteja. Wengine wanapitia SIRO, kampuni iliyotandaza faiba kwa kufuata miundombinu ya ESB, shirika la umeme, akili ile ile ya reli. Mteja akipiga simu kwa hasira kwamba intaneti imekatika, usimwahidi saa kabla hujajua kipande kilichokufa ni cha nani. Mwambie ukweli: fundi wa mwenye waya ameitwa, nami nitakupigia saa nane. Kisha saa nane ikifika mpigie, hata kama huna jipya.

Mchana ukipata nafasi, tembea katikati ya mji ukiangalia chini. Kwenye mifuniko ya chuma ya barabarani bado utaziona herufi P na T za ile Idara ya zamani. Chini yake kuna mabomba ya nyaya. Simama hapo, uangalie jengo la mteja wako, ukadirie waya unaingilia upande gani.