Badilisha kishikio tu, koki iache hapohapo

Umeuliza kama koki ya zamani inaweza kupata sura nyingine bila kununua mpya: inawezekana mkuu. Kile kidude chekundu au cha bluu juu ya kishikio ni kifuniko tu, kinyanyue na ncha ya kisu utaona skrubu, ifungue kishikio kinatoka chote na maji hayamwagiki maana valvu, ile sehemu inayozuia maji, inabaki ndani imefungwa, halafu unapachika kingine, cha kauri, cha mbao, cha dhahabu, upendavyo. Zile za kishikio kimoja skrubu iko ubavuni au kwa nyuma, inataka alenki, ule ufunguo wa pembe sita.

Ila kabla hujalipa hesabu meno ya kile kijiti cha shaba kinachobaki, kuna vya meno 20 na vya 24, ukikosea kishikio kinazunguka bure maji hayatoki. Mi nilishaliwa hela hivyo, pea nzuri kweli ya kauri yenye maua, mpaka leo iko kabatini pamoja na betri zilizokufa.

Rangi ya kupuliza juu ya kromu sikushauri, usipopiga msasa na praima (rangi ya chini ya kushikisha) inabanduka hasa pale vidole vinapogusa kila siku, afadhali stika ya vinaili kama ile ya magari, ukichoka unaibandua. Na ndani ya mdomo maji yanapotokea usipake kitu kabisa. Ukiweka kishikio cheusi au cha rangi ya dhahabu, siki na dawa ya choo visikiguse, vinatoa madoa.