Pedali ya breki ikilegea kwenye lori la M35A2: pa kuanzia

M35A2, lori la zamani la jeshi la Marekani, lina breki za mafuta zinazosaidiwa na upepo, na magurudumu yote yanalishwa na njia moja tu ya mafuta. Raba ya ndani ya silinda ya breki ya gurudumu moja ikipasuka, breki zote zimekwenda. Kwa hiyo pedali ikianza kulegea, lori lisiondoke lilipo mpaka ijulikane kwa nini.

Wengi hukimbilia kutoa hewa kwenye mafuta ya breki. Mafuta yanaisha, pedali inabaki vilevile. Isome pedali kwanza. Weka kabari kwenye magurudumu, zima injini, maliza upepo wote kwenye matangi, kisha kanyaga taratibu. Kama inakwenda chini sana ndipo inakuwa ngumu, na ukirudia mara mbili tatu inapanda, viatu vya breki, yaani vipande vinavyobana gurudumu, viko mbali na dramu, ngoma ya chuma vinayoibana kwa ndani. Ikibonyea kama sponji, kuna hewa ndani au hozi za mpira zimechoka na zinavimba. Ikikaza vizuri halafu ikazama polepole chini ya mguu uliotulia, mafuta yanapita mahali: ama yanavuja, ama yanarudi nyuma ya raba ya masta silinda, yaani silinda kuu ambayo pistoni yake husukumwa na pedali.

Anza na viatu, maana ndivyo vinavyosahauliwa zaidi na havigharimu chochote. Inua gurudumu kwa jeki na uliwekee stendi. Usitegemee breki ya mkono hapa: inashika shafti, si magurudumu. Nyuma ya bamba la breki kuna vichwa viwili vya kurekebishia, kimoja kwa kila kiatu. Zungusha kimoja huku ukizungusha gurudumu kwa mkono mpaka lishikwe, kisha rudisha kidogo tu mpaka lizunguke huru. Fanya hivyo kwa cha pili, halafu magurudumu yote sita. Pini za chini za viatu usiziguse kama hukubadilisha viatu.

Kagua pia mchezo wa pedali kabla haijaanza kusukuma pistoni. Lazima uwepo kidogo. Ukikosekana kabisa, pistoni hairudi mwisho, tundu la kurudishia mafuta linabaki limezibwa na breki zinashika zenyewe. Ukizidi, unapoteza mwendo wa pedali bure.

Kisha tafuta mvujo. Funua raba za nje za kuzuia vumbi kwenye silinda ya kila gurudumu. Ukikuta unyevu ndani, silinda hiyo imekwisha hata kama haijadondosha tone. Mafuta yakipungua na nje kote ni kukavu, shuku busta ya upepo, kifaa kinachotumia upepo kuongeza nguvu ya breki: raba yake ya ndani ikichoka, mafuta huingia upande wa upepo. Halafu kuna bomba la kupumulia la masta silinda, ambalo kwenye lori hili limepelekwa mbali ili maji yasiingie linapovuka mito. Hakikisha halijazibwa na matope au wadudu.

Kama pedali bado inazama na hakuna mvujo, fungua paipu inayotoka kwenye masta silinda na uzibe tundu kwa plagi yenye uzi unaolingana. Kanyaga. Ikiendelea kuzama, tatizo ni masta silinda yenyewe. Ikiwa ngumu kama jiwe la ukuta, geuka uangalie mbele ya hapo.

Sasa ndipo kutoa hewa. Kwanza jua mafuta yaliyomo. Jeshi la Marekani lilihamia silikoni, yaani DOT 5, na malori mengine yamejazwa DOT 3, mafuta ya kawaida ya breki, baadaye; yasichanganywe. Tia kijiko kimoja cha mafuta hayo kwenye chupa ya maji na utikise: DOT 3 inayeyuka, silikoni inarudi kuelea juu. Silikoni hushika viputo vidogo, hivyo usiitikise kopo, mimina taratibu, na usipige pedali kwa haraka.

Anzia nipo za busta, yaani skrubu ndogo za kutolea hewa, kisha gurudumu lililo mbali zaidi, ukimalizia la karibu. Mmoja anakanyaga polepole na kushikilia, mwingine anafungua nipo yenye mrija wa mpira ambao ncha yake imezama kwenye mafuta, anaifunga, ndipo mguu unarudi. Masta silinda isikauke hata mara moja, la sivyo unaanza upya. Kwa silikoni, liache lori litulie saa kadhaa na urudie duru nzima.

Mwisho, jaza upepo, kanyaga kwa nguvu na ushikilie dakika nzima huku mwenzako akipita na tochi kwenye kila nipo na kila kiungo. Jaribio la kwanza liwe kwenye uwanja tambarare, mwendo wa kutembea.