"Ziwa limetunyima dagaa" ni tashihisi

Mwanafunzi akiandika "Ziwa limetunyima dagaa", je, hiyo ni sitiari au tashihisi? Ni tashihisi, yaani tamathali inayokipa kitu kisicho binadamu sifa au tendo la binadamu, kwa sababu kunyima ni tendo la mtu mwenye hiari, na hapa ziwa, ambalo halina uhai, limepewa hiari hiyo. Sitiari ya kawaida hulinganisha vitu viwili moja kwa moja bila kiunganishi, kwa mfano "Ziwa ni ghala la wavuvi". Ukitia "kama" au "mithili ya" katikati, imekuwa tashibiha. Ninafundisha fasihi ya Kiswahili hapa Mwanza, na mifano ya aina hii huwaingia wanafunzi upesi kwa kuwa wameshaisikia mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki, kabla ya kuikuta darasani. Hata hivyo, tendo lenyewe litazamwe kwa makini: "ziwa linanguruma" si tashihisi, maana wanaonguruma ni simba na radi, si binadamu. Wapo wataalamu wanaoiweka tashihisi ndani ya sitiari kama tawi lake, nao hawajakosea. Lakini swali la mtihani likidai tamathali mahususi, mwanafunzi aandike tashihisi, kisha ataje neno "limetunyima" kuwa ushahidi wake.