Jibu: Presha imeshuka, naweza kuacha vidonge?

Mkuu, usiache! Umeuliza mambo matatu: kama uache vidonge kwa kuwa presha imeshuka toka 160/100 hadi 124/80, kama jembe linatosha kuwa mazoezi, na chumvi kiasi gani. Mimi hilo la kwanza tu limenipandisha.

Hiyo 124/80 ni ya vidonge, si yako. Ukiviacha presha inarudi, tena haipigi hodi. Mimi niliviacha, nikawa nasubiri kichwa kiniume ndiyo nijue imepanda. Hakikuuma. Nikalima, nikapalilia, nikabeba magunia, nikajiona najua kuliko daktari. Asubuhi moja jembe likanitoka mkononi. Nikaliokota, likatoka tena. Kumwita mwenzangu, ulimi mzito, maneno hayaeleweki. Akacheka! Alipoona mdomo umeenda upande ndipo akanyamaza. Kiharusi. Sasa naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo mkiona herufi zimeruka msidhani ni pombe.

Aliyeniponza ni muuza dawa mmoja, mdomo mtamu huyo! Eti vidonge vya presha ukivizoea mwili unakuwa mtumwa. Akaniuzia unga wa mizizi wa "kusafisha mishipa", na kwa ajili ya mgongo akanipa diklofenaki, nikawa nameza kila jioni. Hakusema kwamba dawa za maumivu za jamii hiyo zinaweza kupandisha presha na kuumiza figo. Yaani kaning'olea breki, halafu kakanyaga mafuta.

Jembe ni mazoezi, sawa, lakini mimi nilikuwa mwembamba na nalima kutwa, na presha ikanipata vilevile. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyokwisha kutiwa kwenye vyakula vya kununua.

Vidonge vikikusumbua, labda miguu inavimba kwa amlodipini au kikohozi kikavu kwa enalaprili, rudi kliniki wakubadilishie. Aina zipo nyingi. Hata kupunguza dozi ni kazi yao, kwa vipimo vya siku tofauti, umekaa umetulia dakika 5, si umetoka shambani unahema. Na msimu wa kulima ukikaribia, chukua vya kutosha mapema, maana mimi kuacha kulianza hivyohivyo: vimeisha, shamba linangoja, nitakwenda wiki ijayo.