Usilipie hiyo mashine kabla hujapimwa masikio

Mkuu ishia hapo hapo, usilipe. Umeandika kwamba watu wakiongea unasikia sauti ila maneno huyapati, nyumbani wanalalamika TV iko juu, na umeona mtandaoni kimashine cha kusikilizia "kinachofaa kila sikio" unataka uanze nacho sikio moja, halafu unauliza bora cha betri au cha kuchaji, na kama watu watakiona. Hicho hicho ndicho nilichouziwa mimi na hasira na yule muuzaji haijanitoka.

Hakunipima chochote. Alinivalisha, akapandisha sauti, akauliza "unanisikia?" nikamwambia ndiyo, akachukua hela. Jamani, chumba kimya, tumekaa uso kwa uso, hata bila mashine ningemsikia! Kufika nyumbani sahani zikigongana naruka, bomba likifunguliwa ni mngurumo mtupu, halafu binti yangu ananiuliza kitu na bado sijui kataka saa au kataka taa.

Na sababu ipo. Wengi wetu tuliopoteza usikivu kwa umri au kelele tunaanza kupoteza sauti nyembamba, zile s, f, t, k, ambazo zenyewe ni dhaifu. A na o na u ni nzito, tunazipata vizuri tu, ndo maana unasikia mtu anaongea ila huelewi anasema nini. Sasa kile kidude ni amplifaya, kinapandisha kila kitu kwa pamoja, kwa hiyo a inakuwa kelele na s bado huipati. Mashine ya kusikia yenyewe, shime sikio, inasetiwa kwa kufuata odiogramu yako, yaani ile grafu ya vipimo, inaongeza pale tu palipopungua, kila sikio na setingi yake. Fundi makini anakuingizia na kimrija chembamba chenye maiki sikioni ahakikishe sauti inayofika karibu na ngoma ya sikio ndiyo iliyotakiwa. Tena kidude kinachopiga sauti kubwa hovyo kinaweza kukuongezea tatizo, ukikaa muda mrefu kwenye kelele ya zaidi ya desibeli 85 zinakufa seli za sikio la ndani, na hizo hazioti tena.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja tu: hela isitoke mpaka odiogramu iko mkononi mwako. Yawezekana hata mashine huihitaji, kuna watu ni nta imeziba tu, wengine maji nyuma ya ngoma. Na kama sikio lilikata ghafla, ndani ya siku moja mbili, usisubiri, wahi kwa daktari leo leo maana hapo dawa zinasaidia zikianza mapema.

Hilo la sikio moja nalo usiamue kwa macho. Grafu ikionyesha yote mawili yameshuka, kwa kawaida unavaa mbili, ubongo unatumia masikio yote kujua sauti inatoka wapi na kumchambua mtu kwenye kelele.

Ukishapimwa, kabla hujalipa muulize kama atakuruhusu uijaribu kwanza na urudi kurekebishiwa, maana mwanzoni kila sauti inashtua, kuzoea kunachukua wiki kadhaa na setingi za siku ya kwanza mara nyingi hazikai sawa. Akikwambia ukishanunua hakuna kurudi, nyanyuka uondoke.