Matembezi ya Asili Ndani ya Córdoba Bila Kiongozi: Anza na Maji

Wageni wengi wanaofika Córdoba, kusini mwa Hispania, huipanga siku yao kwa kufuata majengo: Msikiti Mkuu ambao leo ni kanisa kuu, kasri, sinagogi, kisha treni ya jioni. Anayetaka kuona ndege, miti na mto ndani ya mji huo, kwa miguu yake na bila kiongozi wa watalii, namshauri aanze na maji. Nimeuzunguka mji huo kwa ratiba za namna zote mbili, na ile iliyofuata maji ndiyo iliyonionyesha mengi zaidi, kwa sababu viumbe wa porini wamejishikiza palepale ambapo watu wa kale waliushughulikia mto.

Sotos de la Albolafia ni ushahidi wa jambo hilo. Hivi ni visiwa na vichaka vya mto Guadalquivir vilivyo kati ya Daraja la Kirumi na Daraja la San Rafael. Kwa karne nyingi wenyeji walijenga kuta fupi za mawe kuukingama mto ili maji yaendeshe vinu vya kusagia nafaka. Kuta hizo zilipunguza kasi ya maji, mchanga na tope vikatuama, matete na mierebi ikaota, na ndege wakapata makazi katikati ya mji. Mwaka 2001 serikali ya jimbo la Andalusia ililifanya eneo hilo kuwa hifadhi ya aina inayoitwa Monumento Natural, yaani mnara wa asili. Kwa hiyo usipange kushuka vichakani; tazama ukiwa darajani na ukingoni. Darubini ndogo itakufaa kuliko kitu kingine chochote utakachobeba, isipokuwa chupa ya maji.

Uwe umefika upande wa kusini wa Daraja la Kirumi, penye mnara wa Calahorra, jua linapochomoza. Ukitazama magharibi jua huwa mgongoni mwako, na visiwa vyote huonekana vizuri bila mwanga kukuumiza macho. Saa hiyo yangeyange, ndege yuleyule tunayemwona akiwafuata ng'ombe huku kwetu, huondoka kwa makundi kwenye miti walimolala. Kwarara weusi hupita chini wakifuata mkondo, na mnandi hutua juu ya mawe ya kinu kilichobomoka na kutandaza mabawa yakauke. Kulasitara wa usiku humtaka mtazamaji awe na subira: hujikunyata kwenye tawi lililo karibu na maji, shingo imezama mabegani, na unaweza kulitazama tawi hilo kwa muda mrefu kabla hujatambua kwamba lile bonge la kijivu lina jicho jekundu. Tenga saa nzima kwa ajili ya daraja hili. Wapangaji wengi huliwekea dakika chache tu, nami naona huko ni kujinyima sehemu bora ya matembezi.

Ukishavuka, upande wa kushoto utaona kinu cha Albolafia na gurudumu lake kubwa la kuinulia maji, ambalo pia limo katika nembo ya mji. Husimuliwa kwamba Malkia Isabel wa Kwanza wa Kastilia aliamuru gurudumu la asili liondolewe kwa kuwa kelele zake zilimnyima usingizi. Lililopo leo limejengwa upya.

Kutoka hapo panda hadi ua wa michungwa wa Msikiti Mkuu, jengo lililoanzishwa na Abd al-Rahman wa Kwanza, mtawala Mwislamu wa Córdoba, katika miaka ya 780. Kuingia uani hakuhitaji tiketi. Inama utazame ardhi: kila mchungwa umezungukiwa na kishimo, na vishimo vimeunganishwa kwa mifereji myembamba iliyochongwa sakafuni, ili maji yakiuonjesha mti mmoja yaendelee hadi mwingine. Machungwa yenyewe ni machungu mno, wala usiyachume. Maua yake hunukia kati ya Machi na Aprili, na kwangu huo ndio msimu wa kuchagua. Mwanzoni mwa Mei mashindano ya nyua za maua huvutia umati mkubwa, na vyumba vya kulala hupanda bei.

Julai na Agosti ziepuke ukiweza. Nyuzi 40 za Selsiasi ni jambo la kawaida mjini humo, na tarehe 14 Agosti 2021 mji wa La Rambla, katika mkoa huohuo, ulifikia nyuzi 47.6. Ikiwa huna budi kwenda wakati huo, tembea alfajiri, pumzika mchana kutwa, kisha utoke tena jioni.

Mchana wa majira mengine pita katika vichochoro vya mtaa wa zamani wa Wayahudi, ambavyo wembamba wake ni kivuli tosha, utokee lango la Almodóvar na kuufuata ukuta wa mji kuelekea mtoni. Inua macho ukiwa njiani, kwa kuwa teleka, ndege wa mfano wa mbayuwayu, hufanya viota katika matundu ya kuta na chini ya vigae wakati wa kuchipua na kiangazi, baada ya kuikimbia baridi ya Ulaya na kuishi katika anga za Afrika, Kongo ikiwemo. Mwishoni fuata ukingo wa mto kuelekea magharibi hadi bustani ya mimea ya Córdoba, ila hakikisha kwanza saa zake, hasa Jumatatu. Mzunguko wote ni kilomita tatu au nne, nao hutosha nusu siku isiyo na haraka. Pakua ramani kwenye simu kabla ya kutoka hotelini, kwa sababu vichochoro hupinda sana.

Mwenye siku ya pili na aende kaskazini mwa mji, kwenye bustani ya Los Villares katika vilima vya Sierra Morena. Huko kuna njia za miguu zinazopita katikati ya mialoni, na utaona jinsi nchi ilivyo pale ambapo hakuna kinu wala ukuta.