Betri mpya, hitilafu mpya za umeme: usikimbilie kununua kompyuta ya gari

Ndugu mleta mada, umesema kwamba tangu ubadilishe betri gari linawaka, lakini taa za tahadhari zimejaa kwenye dashibodi, vioo havipandi kwa mguso mmoja, injini inataka kuzimika unaposimama, na fundi ameshatamka kwamba kompyuta imeungua. Nimeshughulikia magari kadhaa yenye dalili kama hizo, na katika mengi kati yake tatizo lilikuwa kwenye viungio vya betri yenyewe.

Suala la vioo halinipi wasiwasi. Umeme unapokatwa, vioo husahau kikomo chao, na kwa magari mengi inatosha kukipandisha kioo hadi juu na kuendelea kushikilia swichi kwa sekunde chache. Injini nayo huwa imepoteza kiwango cha hewa ilichojifunza kutumia isipokanyagiwa mafuta, na throto (mlango unaopitisha hewa kuingia kwenye injini) ikiwa na masizi, kiwango cha kiwandani hakitoshi. Izime AC na taa, uiache injini iungurume hadi ipate joto lake la kawaida, kisha ufuate utaratibu ulioandikwa kwenye kitabu cha gari.

Taa zinazowaka na kuzima bila mpangilio ni jambo jingine, na hapo ndipo ningetumia muda wangu. Shika kishikizo (chuma cha mwisho wa waya kinachobana kichwa cha betri) cha kila kichwa ujaribu kukizungusha kwa mkono. Kikisogea hata kidogo, umeshapata mtuhumiwa wa kwanza. Zipo betri, hasa za magari madogo ya Kijapani, ambazo vichwa vyake ni vyembamba kuliko vya kawaida, kwa hiyo kishikizo cha zamani hukazwa hadi mwisho wa nati na bado kikabaki kinacheza. Wengine hupachika kipande cha bati katikati. Mimi sikipendi, kwa sababu hulegea tena, na ni afadhali kutafuta betri yenye vichwa vya saizi sahihi.

Kishikizo kikiwa kimekaza, usiamini macho, pima. Weka mita ya umeme kwenye volti za DC, ncha moja iguse kichwa chenyewe cha betri na nyingine iguse kishikizo, halafu mwenzako apige stata. Mita inapaswa kubaki karibu na sifuri. Ikivuka volti 0.1, kuna uchafu au kutu kati ya vyuma viwili ambavyo kwa macho vinaonekana vimeshikana. Rudia kipimo kutoka kichwa cha hasi hadi kwenye chuma kitupu cha injini, na ikizidi nusu volti, fuatilia waya wa ethi (unaotoka kwenye hasi ya betri) hadi unapofungwa kwenye bodi, kwa maana huo hutikiswa wakati wa kubadilisha betri na ukikatika ndani ya ganda lake hauonekani.

Betri kuwa mpya si ushahidi kwamba imejaa. Ikiwa imepumzika inapaswa kusoma takribani volti 12.6, na ikiwa chini ya 12.4 ichajiwe kwanza. Injini ikiwa inanguruma, magari mengi husoma kati ya 13.8 na 14.5. Isiposogea juu ya 12.6, uliza kama wakati wa kufunga, chanya na hasi ziligusishwa kinyume hata kwa sekunde moja, maana kosa hilo huunguza fyuzi kuu au dayodi za alteneta, yaani kifaa kinachochaji betri injini ikiwa inawaka. Na mtu asikushauri uchomoe betri injini ikiwa inawaka ili kujaribu alteneta: volti hupanda ghafla, na hapo kompyuta inaweza kuungua kweli.

Vipimo hivyo vyote vikiwa safi na taa bado zinawaka, fundi asome kodi za hitilafu (alama za makosa zinazohifadhiwa na kompyuta ya gari), azifute, gari liendeshwe, kisha azisome upya. Zile zilizozaliwa na volti ndogo kwa kawaida hazirudi, na zitakazorudi ndizo za kumuuliza ni kipi kinachomfanya aishuku kompyuta.